Mahindi Hayampi Joto Farasi wa Basotho: Pima Nyasi Kabla ya Theluji

Kila baridi inapokaza Mokhotlong, Thaba-Tseka na Semonkong, kwenye milima ya Lesotho, kosa ni lile lile. Mfugaji anaona theluji, anamhurumia farasi wake, anamjazia kopo la mahindi na kumpunguzia nyasi. Siku mbili baadaye farasi anagaagaa kwa msokoto wa tumbo, au amesimama kwa visigino, hataki kuinua mguu.

Farasi wa Basotho ni chotara wa farasi wa Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, mwenye damu ya mashariki na ya Kiingereza, na milima ya Lesotho imemzoeza kuishi kwa kidogo. Akiwa mkavu na manyoya yake ya baridi yameshajaa, huvumilia hata nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila taabu. Tatizo lake ni wanga mwingi kwa mpigo mmoja.

Joto jingi ambalo farasi hupata kwa chakula hutoka utumbo mpana, ambako vijidudu huchachusha nyuzinyuzi za nyasi mchana na usiku. Mahindi humeng'enywa mapema, kwenye utumbo mwembamba, na joto lake ni dogo. Yakizidi, wanga hupita bila kumeng'enywa, hufika utumbo mpana na kuujaza tindikali. Vijidudu vizuri hufa, sumu huingia kwenye damu, na tabaka linaloshikilia mfupa ndani ya ukwato huvimba. Mfupa ukishahama, ni vigumu sana kuurudisha.

Kwa hiyo anza na uzito. Zungusha futikamba kifuani, nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele na juu ya kigongo cha mabega. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 11,880. Mzingo wa 160 na urefu wa 145 vinakupa kilo 312.

Farasi huyo anahitaji kilo 6.2 za nyasi kavu kwa siku, sawa na asilimia 2 ya uzito wake. Siku za theluji, au mvua yenye upepo, mpandishie hadi kilo 7.8. Manyoya yaliyolowa hayashiki joto, ndiyo maana mvua ya nyuzi 3 humchosha kuliko baridi kavu ya nyuzi 5 chini ya sifuri. Mpe robo asubuhi, robo mchana, na nusu nzima kabla jua halijazama, ili uchachushaji uendelee usiku. Pima kwa mizani ya kuning'inia. "Mafungu mawili" si kipimo!

Kuanzia Mei hadi Agosti, kwa wastani wa kilo 7 kwa siku na asilimia 15 ya kuongezea inayopotea kwa kukanyagwa na kuoza, weka karibu tani moja kwa kila farasi, yaani robota 66 za kilo 15. Kata Februari au Machi, nyasi zinapoanza kutoa maua. Zilizopigwa na baridi kali zikiwa shambani hujaza tumbo tu.

Kama farasi anafanya kazi na lazima ale mahindi, mlo mmoja usizidi gramu 450 kwa huyu wa kilo 312, na ale nyasi kwanza. Anza na gramu 100, upandishe kidogo kidogo kwa siku 10. Tena, acheni kupima kwa kopo la shayiri: kopo la lita moja la mahindi lina kama gramu 700, na la shayiri halifiki hapo.

Mabua yaliyobaki shambani baada ya mavuno ni mtego mwingine. Okoteni magunzi yote yenye punje kwanza, kisha mwacheni farasi saa moja kwa siku, akiwa ameshiba nyasi. Mahindi yenye ukungu, hasa wa waridi, yasimfikie kabisa. Sumu yake huozesha ubongo wa farasi na haina tiba.

Nyasi kavu bila maji huziba utumbo. Lita 20 hadi 30 kwa siku, barafu ivunjwe asubuhi na alasiri, na chumvi gramu 30 kwenye chakula. Theluji haitoshi kuwa maji ya kunywa. Blanketi lako jifunike mwenyewe. Kwa farasi mzima mwenye manyoya kamili, blanketi huyalaza tu manyoya hayo, yasishike joto.

Usimwangalie kwa macho, kwani manyoya huficha ukondefu. Tia vidole ubavuni kila wiki: mbavu ziguswe kirahisi bila kuonekana, basi yuko sawa.

Akivunja ghala na kula gunia, usingoje dalili. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, ondoa nafaka zote, na mzamishe miguu kwenye maji ya barafu hadi karibu na goti, bila kukatisha, kwa saa 48. Akianza kuchechemea, utakuwa umeshachelewa.