Kabla Hujaunda Mashine ya Santuri: Anza na Mahali Itakapokaa

Wengi huanza kwa kutafuta mota. Anza na mahali. Sindano imeundwa kuhisi mitikisiko midogo mno ndani ya mfereji wa santuri, na haiwezi kutenganisha muziki na lori linalopanda kilima. Kinachoifikia ndicho kitakachotoka kwenye spika.

Usiku, jaza maji bakuli pana, liweke pale unapotaka mashine ikae, kisha yamulike kwa tochi kutoka pembeni mpaka mwanga urudi darini. Doa lile hukuza kila mtikisiko: mtu akipita sebuleni au jenereta ya jirani ikiwaka, utaliona linacheza. Jaribu mezani, sakafuni, na kwenye rafu iliyofungwa ukutani. Mara nyingi rafu iliyoshikwa na boliti kwenye ukuta wa tofali hushinda, mradi spika zisikae juu yake.

Sasa springi zitakazobeba kitako, yaani ubao wa chini wa mashine. Mkono unaoshika sindano pamoja na kichwa cha sindano huwa na mtetemo wao wa asili, kwa kawaida mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Kitako chako lazima kiyumbe polepole kuliko hapo, mara 3 au 4. Kipimo chake ni rula tu: tazama springi imebonyea kiasi gani uzito wote ukishakaa. Ikibonyea sentimita 1, kitako kitayumba mara 5 kwa sekunde. Ikibonyea sentimita 2.5, mara 3 na kidogo. Ndiyo maana kipande cha tairi chini ya ubao mwepesi hakifai kitu. Kinabonyea milimita 1, kinatetemeka mara 16 au zaidi, na mitikisiko ya karibu na hapo kinaiongeza badala ya kuipunguza. Tafuta uzito. Kwa mafundi wa kaunta za jikoni hukosi masalia ya graniti. Kipande cha sentimita 40 kwa 50, unene wa 2, kina karibu kilo 11. Lakini kama sakafu ni ya mbao inayonesa ukitembea, achana na springi kabisa. Mbao na springi zitachocheana, na sindano itaruka.

Sahani, ile inayozungusha santuri, waweza kusubu kwa mafundi wa sufuria za alumini. Kipenyo cha milimita 300 na unene wa 15 hutoa kama kilo 2.9. Agiza isubiwe nene zaidi, kisha ikerezwe ikiwa imeshafungwa kwenye ekseli yake. Ikikerezwa peke yake itayumba. Chini ya ekseli weka gololi moja ya chuma ndani ya bushi ya shaba, yaani kibomba kinachoishika ekseli, na mafuta ya cherehani. Grisi ni nzito.

Kwenye mota ndipo hesabu huharibika. Mota ya sinkronasi hufuata hezi za umeme, yaani mizunguko yake kwa sekunde, na wetu ni hezi 50. Mota iliyopimwa kwa hezi 60 itapunguza kasi kwa asilimia 17, na sauti ya mwimbaji itazama. Tuseme mota yako inazunguka mara 250 kwa dakika. Ili sahani izunguke mara 33⅓, wengi hukereza puli ya milimita 40, yaani kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda unaozunguka sahani. Wamesahau unene wa mkanda: mkanda wa milimita 1 unataka puli ya 39.1, la sivyo kila wimbo utaenda mbio kwa asilimia 2. Nunua mkanda kwanza, puli ikerezwe baadaye.

Kwa kitako, ubao wa MDF (unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) usiopigwa rangi huvimba kwa unyevu kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa; paka vanishi pande zote, pamoja na kingo na matundu. Kifuniko usikiache, maana wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku na kufia juu ya santuri. Uzito wa sindano, ambao mara nyingi ni gramu 1.5 hadi 2, upime kwa mizani ndogo ya dijitali kama ile ya wanunuzi wa dhahabu. Waya wa ethi wa mkono nao ufike kwenye amplifaya, usije ukahangaika na mvumo ukidhani ni mtetemo.

Mwisho, mota ikiwa imezimwa, teremsha sindano juu ya santuri iliyosimama, ongeza sauti taratibu, kisha gonga rafu kwa kidole. Ukisikia mgonjo huo wa kidole kwenye spika, rudi kwenye springi na rula.