Pedali ya breki ikidunda, vuta breki ya mkono kwanza

Pedali ikikudunda mguuni kila unapofunga breki, usikimbilie kununua diski za mbele (sahani za chuma zinazobanwa na breki). Tafuta barabara tupu iliyonyooka, nenda kama kilomita 40 kwa saa, kisha vuta breki ya mkono polepole huku umebonyeza kitufe chake ili isijifunge. Gari likitetemeka vilevile, ubovu uko nyuma, maana kwenye magari mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma tu. Likitulia, kagua mbele. Na kama usukani nao hucheza ukikanyaga pedali, ndiyo kabisa.

Usijaribu kwenye utelezi, wala kwa breki ya mkono ya umeme. Jaribio hudanganya pia pale ambapo breki ya mkono ina viatu vyake vidogo (vipande vya breki vinavyosugua kwa ndani) ndani ya diski ya nyuma: hapo unapima viatu, si uso wa diski unaobanwa na pedi za breki. Mimi lilinidanganya hivyo mara moja.

Na kabla ya kufunga diski mpya, kwangua kutu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski hukaa. Kutu kidogo tu huifanya diski ikae upande, ikalika vibaya, na baada ya muda mdundo ukarudi.