Somo: Tenki la kwanza la matumbawe kwa bajeti ndogo, kwa watu wa Dar na pwani

Haya wakuu, tenki la maji chumvi, na nalilenga kwa mtu aliyeko pwani mwenye hela ya mawazo. Nianze na ambalo wengi hawapendi kulisikia: samaki ndio kitu cha mwisho kununua. Hela inaenda kwenye kioo, taa na pampu, hapo ukibana utanunua mara mbili, ila maji na mawe sisi wa pwani tunaweza kuyapata karibu bure na ndipo bajeti inapopona.

HATUA YA 1: TENKI
Usishuke sana chini ya lita 100. Kitenki kidogo kinaonekana rahisi ila joto na chumvi vinabadilika haraka mno, mgeni hawezi kuvifukuzia. Nenda kwa fundi wa vioo akukatie sentimita 80 kwa 40 kwa 40, hiyo ni lita 128, ukitoa mawe na nafasi ya juu unabaki na kama lita 100 za maji. Kioo milimita 8. Atakwambia 6 inatosha, mkatalie. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile dawa inaua. Iache ikauke wiki nzima, kisha lijaze maji ya bomba hapo hapo kwa fundi siku mbili, halafu pitisha toilet pepa kavu kwenye kona zote taratibu, ikilowa hata tone mrudishie arudie.

Likijaa linapita kilo 150, kwahiyo sahau ile meza ya TV. Tafuta stendi ya chuma au mbao ngumu.

HATUA YA 2: VIFAA
Taa ya LED ya buluu na nyeupe, pampu ya kuzungusha maji (jumla ya mzunguko iwe kama mara 20 ya ujazo kwa saa), feni ndogo, kipimajoto, kipimo cha chumvi, na vipimo vya amonia, naitraiti na naitreti. Hita kwa Dar ni kutupa hela. Skima (kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu) inaweza kusubiri kama samaki ni wachache.

Luku nayo tuihesabu: taa ya wati 60 kwa saa 8, pampu mbili jumla wati 23 masaa yote, feni ya wati 20 kwa saa 8, unapata unit moja na kidogo kwa siku, kwa mwezi kama 36. Wewe uliyeko kwenye tarifu ya chini, ile ya mwisho unit 75, piga hesabu zako kabla tenki halijakutoa huko.

HATUA YA 3: MAJI
Maji ya bahari. Chota maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua ndio safi zaidi, mbali na bandari na midomo ya mito. Pembeni ya Msimbazi usisogee kabisa, na masika mvua ikinyesha subiri siku kadhaa maana maji ya juu yanakuwa yamezimuliwa. Madumu sita ya lita 20 yanatosha kuanzia, yawe mapya, lililobeba mafuta ya kula halifai hata ulioshe vipi. Yapitishe kwenye kitambaa kizito, yakae gizani siku chache, kisha pima chumvi: kipimo kisome 1.025 au 1.026.

Sasa hapa wengi ndio wanaharibu. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi HAIONDOKI, inabaki, kwahiyo unaongeza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na sio ya bahari. Piga mstari kwa maka peni kwenye kioo, yakishuka sentimita moja hapo ni lita 3 na kidogo, rudisha kila siku. Tumia maji yaliyochujwa kwa RO (mashine inayochuja hadi chumvi). Maji ya kisima ya Dar yana chumvichumvi yake, na yale yanayodondoka kwenye AC yanaweza kuwa na shaba, ambayo inaua konokono, kamba na matumbawe.

HATUA YA 4: MAWE
Yale mawe ya tumbawe ya kujengea, ya machimboni, yenye vitundu vitundu, ndiyo hayo hayo. Chukua kilo 12 hadi 15, sugua na brashi, loweka kwenye maji baridi wiki kadhaa ukibadilisha, kisha yapange yawe na mapango na yasilale kwenye kioo cha nyuma. Ukipata jiwe moja dogo lililo hai toka tenki la mtu, litapanda bakteria kwenye mengine. Jiwe hai usilichemshe kamwe: baadhi ya zoa (viumbe laini kama vijiua vinavyoota kwenye mawe) zina sumu inayoruka na mvuke, na watu wamelazwa kwa hilo.

HATUA YA 5: KUIVISHA (kusubiri bakteria wa kusafisha maji wazaliane)
Tupia kamba mmoja mbichi aoze humo. Amonia itapanda, kisha naitraiti, kisha naitreti. Wiki 4 hadi 6. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri, badilisha maji kiasi, tenki limeiva. Vumbi la kahawia kwenye mawe ni kawaida.

HATUA YA 6: VIUMBE
Konokono kwanza, kisha nemo wawili waliozalishwa kwenye matenki, mwezi unaofuata zoa, uyoga (wa baharini, jamii ya matumbawe) au matumbawe laini ya ngozi. Samaki wadogo watatu au wanne, basi. Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki.

MASWALI

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mimi naogelea sana Mbudya, nemo siwezi kuwavua mwenyewe nikaokoa hela?
Jibu: Hapana mkuu. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), kwahiyo hata kuyabeba kuvuka mpaka ni kibali. Halafu yule mwenye mistari mitatu hayupo bahari yetu, wa kwetu ni wengine, kama yule mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni.

Swali: Niko Mwanza, bahari sina. Chumvi ya jikoni inafaa?
Jibu: Haifai, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Agiza chumvi ya akwariamu, gramu 35 hadi 38 kwa lita kutegemea aina, kwa lita 100 ni kilo 3 na nusu na ushee. Bajeti yako dada itakuwa juu kuliko ya huku.

Swali: Umeme ukikatika usiku kucha?
Jibu: Kinachoua ni kukosa hewa. Nunua pampu ya hewa ya betri, na ukiwa huna, chota maji na jagi uyamwage toka juu kila baada ya muda. Usilishe.

Swali: Kaka, hapa Mombasa tenki linafika nyuzi 31 mchana, nifanyeje?
Jibu: Elekeza feni juu ya maji, inashusha nyuzi 2 au 3, na taa iwake jioni badala ya mchana. Mfuniko toa, weka wavu. Ila jua kwamba maji yatakauka zaidi, kwahiyo ule mstari wa maka peni uangalie asubuhi na jioni.