Unaenda China kufunga mzigo? Jua hali ya hewa kwanza ndo upange begi

Swali linaloulizwa kila mara na watu wanaojiandaa na safari ya kwanza ni "eti China saa hizi kuna baridi?" na hilo swali halijibiki hivo, manake ile nchi ni kubwa mno, mwezi wa 1 huo huo Harbin, mji wa kaskazini kabisa, usiku inashuka mpaka digrii 20 na ushee chini ya sifuri afu Guangzhou, kusini, watu wanapita na sweta tu na mchana jua likitoka wanalivua. Kwa hiyo uliza hivi: naenda mji gani, mwezi gani, na muda mwingi ntakua ndani au nje. Hilo la mwisho wengi hawalifikirii kabisa na ndo linaloumiza watu.

Tuanze na Guangzhou maana wafanyabiashara wetu wengi ndo wanashukia pale. Ni mji wa joto. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 mchana inagonga 32, 33, ukitoka Dar utasema mbona kawaida, ila tofauti ni kwamba Dar jioni upepo wa bahari unakuja unapumua, Guangzhou hamna, saa 5 usiku bado unatoka jasho. Na mvua zake kubwa ni mwezi wa 5 na wa 6, zinapiga ghafla barabara inajaa maji, usijisumbue kubeba mwavuli toka nyumbani, nunua pale pale bei rahisi. Vaa pamba nyepesi au kitani, suruali za kitambaa chepesi, jeans acha, au beba moja tu ya ndege. Dada zangu mnaovaa buibui na abaya, leteni zile za kitambaa kinachopitisha hewa, ile nailoni nyeusi inayong'aa mtajuta ndani ya treni za chini ya ardhi. Ila sasa, na hii ni muhimu, beba mtandio au kikoi au sweta jepesi kwenye mkoba HATA mwezi wa 7, kwa sababu kiyoyozi cha kule hakina utani, treni, mabasi, maofisi, unatoka kwenye 33 na jasho lako mgongoni unaingia kwenye baridi ya friji.

Mwezi wa 7 mpaka wa 9 ndo msimu mkubwa wa vimbunga huko kusini. Wakitangaza onyo wanatumia rangi, likifika nyekundu kaa hotelini, usilazimishe kwenda sokoni, hata wenyewe wanafunga. Mwezi wa 9 mwaka 2018 kimbunga Mangkhut kilifanya Guangzhou nzima isimamishe kazi na biashara. Kama tiketi yako imeangukia miezi hiyo acha siku mbili tatu za ziada kwenye ratiba.

Sasa wale wa Canton Fair, yale maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou. Ni mara mbili kwa mwaka, ya kwanza yanaanza tarehe 15 mwezi wa 4 mpaka 5 mwezi wa 5, ya pili tarehe 15 mwezi wa 10 mpaka 4 mwezi wa 11. Kama unachagua kwa ajili ya hali ya hewa, nenda ya mwezi wa 10, hewa kavu, joto la wastani, shati la mikono mifupi mchana na kisweta usiku basi umemaliza. Ya mwezi wa 4 ni kizaazaa kingine. Toka mwezi wa 2 mpaka wa 4 kuna kipindi hewa yenye unyevu inaingia toka baharini inakutana na kuta na sakafu ambazo bado zina ubaridi, basi nyumba inatoka jasho, ukuta unatiririka, vioo havionyeshi, ngazi zinateleza. Nguo ukifua haikauki siku nne na ikikauka inanuka. Kwa hiyo beba nguo za ndani na soksi za kutosha safari nzima, nguo zinazokauka haraka, na viatu vyenye soli inayoshika. Siku kama hizo FUNGA dirisha la chumba, usifungue eti hewa iingie, washa kiyoyozi upande wa kukausha hewa, na sampo (sampuli za bidhaa) za ngozi au vitambaa zitie kwenye mfuko wa plastiki la sivyo zitaota ukungu.

Na viatu kwa ujumla: raba. Ule ukumbi wa Pazhou yanakofanyika maonesho, ukimaliza siku moja miguu inaongea, kiatu cha ngozi kipya kiache nyumbani kwa ajili ya harusi.

Haya, Yiwu, mji wa masoko ya jumla. Hapa ndo watu wanaumbuka. Mtu amekaa Guangzhou mwezi wa 12 kaona mbona poa, anapanda treni ya kasi kwenda Yiwu na kijaketi cha jeans. Yiwu iko mkoa wa Zhejiang, kaskazini zaidi, mwezi wa 12 na wa 1 usiku inakaribia sifuri na wakati mwingine inapita chini, na ina unyevu, baridi inapenya. Lakini shida yenyewe hata sio hiyo namba. China imegawanyika mara mbili kwenye habari ya kupasha majumba joto, tangu miaka ya 1950 serikali iliamua mabomba ya joto ya mji mzima yawekwe kaskazini, mstari wenyewe unafuata mto Huai na milima ya Qinling, kusini ya hapo hamna. Yiwu, Keqiao kwenye soko la vitambaa, hata Shanghai, zote ziko kusini ya mstari. Maana yake viwanda, maghala, migahawa yenye mlango wazi, ndani ni baridi kama nje, muuzaji mwenyewe amekaa dukani na koti lake anapiga kikokotoo.

Beijing sasa ni kinyume. Nje mwezi wa 1 usiku inaweza kuwa 8 chini ya sifuri na upepo mkavu unachana uso, ila ndani toka katikati ya mwezi wa 11 mpaka katikati ya mwezi wa 3 mabomba yanawaka, watu wanakaa na fulana. Kwa hiyo Beijing vaa koti moja zito sana juu, la manyoya ya bata, linalovuka kiuno, kofia inayofunika masikio, glavu, afu ndani vaa kawaida tu ili ukiingia uvue koti ukae. Yiwu fanya tofauti, joto lako liwe ndani: nguo za kubana mwilini za baridi juu na chini, sweta la sufu, afu jaketi la kawaida ambalo unaweza kukaa nalo siku nzima bila kuvua. Akina mama leginzi nzito chini ya dera haionekani na inafanya kazi kweli. Soksi mbili, ya pamba ndani ya sufu nje, ila hakikisha kiatu hakibani, kikibana damu haitembei na mguu unakuwa barafu. Chumbani kwenye rimoti ya kiyoyozi tafuta alama ya jua, hiyo ndo joto, na kabla hujalipa hoteli ya bei chee uliza kama kiyoyozi chao kinatoa joto maana vingine vinapoza tu.

Kwa Beijing ongeza mafuta ya mgando, midomo na mikono inapasuka ndani ya siku mbili.

Ninunue huku au kule? Kule makoti yamejaa na bei nzuri, tatizo saizi, XL yao mara nyingi ni M yetu, na kiatu cha kiume zaidi ya 44 utazunguka mpaka uchoke. Mimi ushauri wangu kama una mwili, pita Karume au Gikomba uchague jaketi la mtumba la Ulaya, fungua zipu zote, nusa, jaribu na sweta ndani. Soksi, glavu, kofia, nguo za kubana, hizo nunua kule.

Sweta moja liwe mkononi sio kwenye begi la chini, hasa kama unaunganishia Addis, ule mji uko juu mita 2,300 na ushee na usiku kule sio Dar. Na wakati wa kurudi usiteketeze kilo kwa makoti, kilo ni za sampo, koti moja livae kwenye ndege, yaliyobaki mpe ajenti wako ayachomeke kwenye kontena pamoja na mzigo.