SOMO: Umeanguka vibaya na pikipiki katikati ya jangwa, fanya hivi na kwa mpangilio huu

Wakuu, naandika hili mara moja ili likae. Kila wiki napata ujumbe wa mtu anayejiandaa kwenda kuendesha mchangani, anauliza "nikianguka nifanyeje", na kila wiki naandika majibu yale yale usiku wa manane. Someni yote ndo muulize. Mimi sio daktari, nimesomea huduma ya kwanza mara mbili, mara ya pili ilikuwa baada ya kuanguka mwenyewe.

1. Zima injini, ile swichi ya kwenye usukani. Mafuta yakivuja jisogeze upande upepo unakotokea.

2. Usisimame. Baki ulivyo, hesabu pumzi 30. Mwili ukipata mshtuko unaficha maumivu, mtu anasimama na mguu uliovunjika, mfupa uliokuwa ndani unatoka nje. Chezesha vidole vya mikono na vya miguu. Ukisikia ganzi, au shingo inauma pale pale kwenye mfupa, usijigeuze geuze. Helmeti iache kichwani kama unapumua vizuri.

3. Damu. Weka kitambaa, gandamiza kwa kiganja na uzito wako wote, dakika 10 bila kuchungulia maana kila ukichungulia unaanza upya. Kama jeraha liko mkononi au mguuni na damu inaruka au haikomi kabisa, funga mkanda wa kubana damu, sio kwenye jeraha lenyewe bali juu yake kuelekea kiwiliwili, umbali kama upana wa vidole 3 au 4, usifunge kwenye kiungo, kaza hadi damu ikome, na itauma sana, andika saa uliyofunga na usilegeze tena mpaka ukabidhi kwa wenye kujua. Mkanda uwe mpana, sentimita 4 hivi, waya na kamba ya kiatu vinakata nyama. Na msidanganywe na ngozi nzima: fupa la paja likivunjika unaweza kupoteza lita 1 hadi 1.5 za damu humo humo ndani bila tone kuonekana, na mtu mzima ana lita 5 hivi mwili mzima. Paja linavimba, linakuwa gumu, unasikia baridi juani. Hapo usisubiri kitu, nenda namba 4.

4. Bonyeza bikoni ya dharura, kile kifaa kidogo kinachotuma ishara ya kuomba msaada kwa setilaiti. Hapa ndipo nilipoharibu kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bikoni yangu ilikuwa kwenye begi nyuma ya siti, nimeifunga vizuri na mikanda miwili, najiona nimejipanga. Nikapanda tuta la mchanga kwa kasi, kufika juu kumbe upande wa pili umekatika, nikaruka, mimi nikabaki katikati ya mteremko na pikipiki ikabingirika hadi chini kabisa. Hatua 60 hivi. Mtulinga wa kulia umevunjika, kifundo cha mguu wa kushoto kimevunjika, na bado nikavua buti nione mguu ukoje. Dakika chache tu mguu umejaa, buti halirudi, na buti ndo lilikuwa banzi bora kuliko chochote ambacho ningeweza kutengeneza pale. Nikaanza kujiburuta na soksi. Jua likiwa kali hewa ya nyuzi arobaini na kitu, mchanga wenyewe juu unaweza kuvuka nyuzi 60, kisigino kikatoka malengelenge ambayo yalichelewa kupona kuliko mfupa. Nafika chini, pikipiki imelalia upande wenye begi. Nachimba kwa mkono wa kushoto, mchanga unashuka unajaza shimo, nachimba tena, kifungo cha mkanda nilikifungua kwa meno. Nilianguka saa tatu asubuhi, nikabonyeza saa saba mchana. Masaa manne, na kama lingekuwa paja badala ya kifundo nisingekuwepo kuandika hapa.

Kwa hiyo, nawaomba kwa moyo wote: bikoni ikae MWILINI. Sio kwenye pikipiki, sio kwenye begi la mgongoni ambalo huwezi kulivua ukiwa umevunjika bega. Mfuko wa kifuani, unaofunguka kwa mkono wowote. Jaribu nyumbani macho umefumba, mkono wa kulia, halafu wa kushoto, ukiwa umevaa glovu. Ukishabonyeza elekeza antena juu, isifunikwe na mwili wala na pikipiki, halafu USIIZIME hata ukijisikia nafuu. Zile za masafa ya 406 MHz zinasomwa na setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, hazina ada ya mwezi, ila lazima uisajili kwa jina lako na namba ya mtu wa nyumbani, na ikiwashwa betri imetengenezwa kudumu masaa 24 au zaidi. Na buti usivue. Legeza tu vifungo kidogo kama vidole vinakufa ganzi.

5. Kivuli. Cha pikipiki yenyewe, tandaza koti au turubai juu yake. Kaa juu ya begi au siti usikae kwenye mchanga mtupu. Nguo usivue, ngozi iliyo wazi inapoteza maji haraka.

6. Maji kunywa ukisikia kiu, usiyatunze kama akiba ya harusi, kinachotakiwa kubanwa ni jasho. Maana yake hutembei, huchimbi, hubebi kitu mchana. Mkojo usinywe. Maji ya rejeta usinywe kabisa, yana sumu.

7. Usiondoke kwenye pikipiki. Mtu mmoja mchangani haonekani kutoka angani, pikipiki inaonekana.

8. Ishara za kuomba msaada ni tatu tatu: filimbi mara 3, mioto 3. Kioo cha usukani king'oe, mwanga wake unafika kilomita nyingi sana.

9. Usiku jifunike mapema, jangwa linapoa haraka na aliyetoka damu akipata baridi damu inagoma kuganda.

MASWALI

Swali: Nimepitia haraka haraka, kwani simu haitoshi?
Jibu: Haitoshi. Minara haiko huko. Rudi usome namba 4.

Swali: Lakini siku hizi kuna simu zinatuma ujumbe kwa setilaiti.
Jibu: Zipo, ila huduma hiyo haipo nchi zote, na simu hiyo hiyo ndo umepigia picha toka asubuhi na kioo chake ndo kinapasuka ukianguka. Iwe ya ziada.

Swali: Mimi naendesha mchangani miaka 10 sijawahi hata kuchubuka, naona mnatishana tu. Ukijua kuendesha huanguki.
Jibu: Thierry Sabine alikuwa anajua kuendesha, akapotea na pikipiki jangwani mwaka 1977, akaokolewa akiwa karibu kufa. Ndiye aliyekuja kuanzisha Dakar, yale mashindano ya magari na pikipiki ya jangwani, yaliyoanza Desemba 1978. Na huko Dakar, kwa madereva bora wa dunia, jaketi la eabegi, lile linalojaa hewa ukianguka, limekuwa lazima kuanzia 2021. Sijaandika kumtisha mtu. Nimeandika kwa sababu nililala pale chini naangalia begi langu na sikuweza kulifikia.

Swali: Mwalimu, asante sana. Tukiwa wawili na mwenzangu ndo ameanguka, hajitambui lakini anapumua, naanza na nini?
Jibu: Swali zuri sana ndugu yangu, nilisahau hili. Kabla hata ya kumgusa, hakikisha hakuna mwingine anayekuja nyuma. Anayekuja haoni upande wa pili wa tuta, atawaangukia wote wawili. Simamisha pikipiki yako juu kabisa ya tuta ionekane, ndo ushuke. Angalia damu inayoruka, izibe. Halafu mlaze ubavu, kichwa, shingo na mgongo vigeuke pamoja kama gogo, mdomo uelekee chini kidogo matapishi yatoke. Helmeti itoe tu kama hewa haipiti au anatapika ndani yake, na mkiwa waokoaji wawili mmoja anashika shingo na taya toka mwanzo hadi mwisho, mwingine anavuta taratibu. Asiyejitambua usimpe maji hata kama midomo imekauka.

Swali: Nimfuate mtu wa kusaidia au nibaki?
Jibu: Kama bikoni imewashwa, baki. Kama hamna bikoni na kuna watu unaojua kabisa walipo, nenda, lakini muachie maji yote unayoweza, kivuli, filimbi, na chukua alama ya mahali kwenye GPS kabla hujawasha injini. Matuta yanafanana, watu wameshindwa kurudi walikotoka.

Swali: Kuchoma tairi je?
Jibu: Moshi mweusi unaonekana mbali mchana. Toa upepo wote kwanza, tairi lenye upepo linapasuka kwenye moto. Choma mbali na pikipiki, na ni bora uwe na kila kitu tayari usubiri usikie ndege au gari.

Mchango: Mimi ni nesi, naongezea. Andikeni kundi la damu na dawa zinazowadhuru kwenye karatasi, muibandike na tepu nje ya helmeti. Na nyumbani mwacheni mtu mwenye njia yenu na saa ya mwisho, ikipita hiyo saa apige simu bila kuwaonea aibu.
Jibu: Dada asante. Saa ya mwisho hiyo ni muhimu, mimi nilikuwa sijamwambia mtu.

Swali: Bikoni ni bei gani?
Jibu: Inategemea unaponunua. Uliza wauzaji wa kwenu.

Swali: Kaka, nimefanya jaribio lako leo, macho nimefumba, nimevaa glovu. Mkono wa kulia sekunde 6. Wa kushoto nimeshindwa kabisa, zipu inanasa maana inafunguka kuelekea upande wa kulia.
Jibu: Afadhali umeshindwa ukiwa nyumbani. Funga kitanzi cha kamba kwenye zipu, kikubwa kidole gumba kiingie kikiwa na glovu, na paka zipu nta ya mshumaa. Ikishindikana badili mfuko, tafuta wa kufunguka kutoka juu kwenda chini. Rudia ukiwa umelala chali, halafu kifudifudi, uniambie.