Somo: Pancit ya samaki na mboga, tambi za Kifilipino

Aliyefanya kazi Dubai, Doha au Maskati akakaa na Wafilipino, pancit anaijua. Siku ya kuzaliwa mtu lazima sinia lake litoke, na tambi hazikatwi, kwani urefu wake ndio dua ya maisha marefu. Tambi zilifika Ufilipino na Wachina wa Fujian. Binondo, mtaa wa Wachina jijini Manila, upo tangu 1594. Wenyeji wakazitia kitunguu saumu kwa wingi, sosi ya samaki na kalamansi (ndimu ndogo za kwao), zikawa chakula chao.

Leo tunapika zile nyembamba za mchele, wao huziita bihon. Shikeni jambo moja tu: tambi hizi hazichemshwi pembeni kama spageti. Zinaivia ndani ya supu ya samaki mpaka ziinywe yote. Supu ikiwa maji matupu, hata ukizidisha sosi zitabaki chapwa.

Mahitaji (watu 4 au 5)
Samaki mmoja wa kilo 1 (chewa, changu au nguru mdogo), tambi za mchele gramu 250, kabichi robo, karoti 2, mishiri kiganja kimoja, hoho 1, vitunguu maji 2, saumu punje 6, tangawizi, sosi ya soya vijiko vya chakula 3, sosi ya samaki kijiko 1, pilipili manga, unga wa ngano kidogo, mafuta, ndimu 3. Ukipata majani ya seleri, vizuri zaidi.

Hatua ya 1: supu. Toa minofu, weka kando. Kichwa kitoe matamvua na ukisafishe damu yote, la sivyo supu itakuwa chungu. Kibandike pamoja na mifupa, maji vikombe 4, tangawizi na kitunguu kimoja. Moto mdogo, dakika 20, ukiengua povu. Chuja. Chumvi usitie kabisa, sosi mbili zinakuja.

Hatua ya 2: samaki. Kata minofu vipande vya upana wa vidole viwili, tia chumvi kidogo, manga na ndimu. Baada ya dakika 10 ifute maji, ipake unga kiduchu, kaanga hadi iwe rangi ya dhahabu. Sasa msahau samaki mpaka mwisho.

Hatua ya 3: tambi. Loweka kwenye maji ya bomba dakika 10, zikunjike bila kuvunjika. Maji ya moto hapana. Chuja.

Hatua ya 4: mboga. Karai liwe na moto mkali. Kaanga nusu ya saumu na kitunguu kilichobaki, tia karoti na mishiri dakika 2, kisha kabichi na hoho dakika 1. Zitoe zingali ngumungumu.

Hatua ya 5: ndipo penye kazi. Karai lilelile, mafuta kidogo, saumu iliyobaki. Ikinukia mimina supu vikombe 2 na nusu, sosi zote mbili na manga. Ikichemka ionje: iwe imekolea kidogo kupita supu ya kunywa, maana tambi zitaifyonza. Tia tambi, punguza moto. Usikoroge. Shika mwiko mkono huu na uma mkono ule, ziinue juu, ziachie, geuza upande. Kwa dakika 4 au 5 utaona weupe unaondoka, zinakuwa za kahawia na kung'aa, na chini ya karai povu la supu linakwisha. Onja uzi mmoja. Ukiwa bado mgumu na karai limekauka, ongeza supu robo kikombe.

Hatua ya 6. Rudisha mboga, geuza mara mbili tatu, epua. Panga samaki juu, nyunyiza seleri. Ndimu kaa nayo mezani, kila mtu akamue mwenyewe. Kalamansi yao ni kadogo, kakubwa kidogo tu kuliko gololi, kijani nje na rangi ya chungwa ndani. Ndimu yetu inatosha.

Maswali ya wanachama

*Dada, zangu kila nikipika zinakuwa bonge moja. Nakosea wapi?*
Umeziloweka kwa maji ya moto, au unakoroga. Tazama pia pakiti: bihon nyingi za Ufilipino huwa na wanga wa mahindi, hizo hustahimili karai. Za mchele mtupu hulainika upesi, zionje mapema.

*Huku kwetu Kigoma sosi ya samaki hakuna.*
Chukua dagaa wakavu kiganja, toa vichwa, chemsha pamoja na ile supu ya mifupa, kisha chuja. Hapo utahitaji chumvi kidogo.

*Naweza kutumia zile tambi za sikukuu tunazopika na sukari na iliki?*
Hapana shoga, zile za ngano zitafumuka ziwe uji. Bora tambi za mayai, wao wana pancit canton. Usiziloweke, na supu punguza.

*Mimi nilioziona Abu Dhabi zilikuwa na nguruwe. Hii ya samaki ni yao kweli au umebuni?*
Nguruwe, kuku na kamba ndio wa kawaida, kwa hiyo mgahawani uliza kwanza, hata supu na mafuta. Lakini vya baharini havikosekani: pancit ya Malabon, mji wa jirani na Manila, hujaa kamba, ngisi na chaza, na palabok, pancit ya mchuzi mzito, hunyunyizwa samaki wa moshi aliyechambuliwa. Kukaanga minofu na kuipanga juu ni mkono wangu, kwa sababu ukimgeuza samaki pamoja na tambi atasambaratika.

*Mwatiko je? Huku Kilifi tunafuga.*
Ndiye bangus wao, na watu wa mji wa Dagupan wanajulikana kwa huyo. Nyama tamu, ila miiba! Wao humuuza ameshatolewa miiba. Wewe mtumie kwa supu, kisha chambua nyama kwa vidole uinyunyize juu, wala usihangaike na minofu.

*Zikibaki?*
Friji, mpaka kesho. Pasha karaini na vijiko viwili vya maji, samaki mtenge, umpashe peke yake.