Jinsi ya kuandika maisha ya mwanamuziki wa roki aliyefariki, kwa kuwauliza waliomjua

Tulimzika mjomba wangu aliyekuwa anapiga besi kwenye bendi ya roki hapa Dar miaka ya sabini. Pale msibani ukasomwa wasifu wa marehemu, mistari kama kumi hivi, kazaliwa, kasoma, kaajiriwa, kaoa, kaacha watoto wanne na wajukuu saba, afu mwishoni kabisa "enzi za uhai wake marehemu alipenda muziki". Alipenda muziki! Mtu aliyeuza baiskeli ya baba yake ili anunue gitaa! Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na wazee watatu wa bendi yake, mmoja akaguna, mwingine akasema taratibu "basi wangemuuliza hata mmoja wetu".

Basi mi nikawauliza. Imenichukua mwaka na miezi, nimekosea sana, na nimeona bora niandike hapa kwa yeyote mwenye mjomba, baba au jirani wa aina hiyo. Mfano nitakaoutumia humu ndani zaidi ya mjomba ni Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen ya Uingereza, kwa sababu kila mtu anamjua, ni mtoto wa Unguja, na maisha yake yamesimuliwa na watu wengi mpaka unaona wazi kumbukumbu zinavyogongana.

Anza na tarehe, stori baadaye

Kabla hujamfuata mtu yeyote chukua daftari, chora mstari, weka yale yenye uhakika tu. Kwa Freddie ingekuwa hivi: kazaliwa Unguja 5 Septemba 1946 kwa jina Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi (Wahindi wa dini ya Zoroasta) wenye asili ya Gujarat, baba mtunza fedha serikalini enzi za Mwingereza. Akiwa na miaka kama minane kapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, huko ndo akaanza kuitwa Freddie na huko ndo akapiga piano kwenye bendi ya kwanza, The Hectics. Karudi Unguja 1963, mapinduzi Januari 1964, familia ikaondoka mwaka huohuo ikaenda kukaa Feltham, pembeni ya London. Akasoma sanaa na usanifu chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Queen ikaanza 1970, jina la Mercury nalo likaja kipindi hicho. Kafariki 24 Novemba 1991, miaka 45.

Unaona kazi ya huo mstari? Mzee akikuambia "Freddie tulikuwa tunacheza naye mpira Shangani mwaka 1960, tunamwita Freddie Freddie", unajua papo hapo kuna kitu hakijakaa sawa, maana 1960 yuko bweni India na jina hilo kalipata hukohuko. Haimaanishi mzee muongo. Labda ilikuwa likizo, labda ni mtoto mwingine wa Kiparsi, labda jina kalisikia miaka ishirini baadaye likaingia lenyewe kwenye kumbukumbu. Usimbishie. Andika alivyosema, weka alama ya kuuliza pembeni, songa mbele. Pale Mji Mkongwe watalii wanaoneshwa zaidi ya nyumba moja kwamba hapa ndo alipokulia, kila nyumba ina mtu wake wa kuapa.

Kwa wazee wetu tarehe hazipatikani kwa kuuliza "ilikuwa mwaka gani". Ukiuliza hivo utajibiwa "sabini na kitu" kila mara. Uliza ilikuwa kabla au baada ya nini. Kabla muziki wa soul haujapigwa marufuku Dar? Hiyo ni 1969. Wakati wa Operesheni Vijana, ile ya kukamata watu kwa suruali za kubana na vimini? Hiyo ilianza Januari 1969. Vita ya Kagera? 78 kwenda 79. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi? 83. Mwalimu alikuwa ameshang'atuka? Basi ni baada ya 85. Mzee wa dramu alinigandia kwamba bendi ilivunjika 1975, nikamuuliza mlivyovunjika vijana walikuwa wanaenda vitani? Akanyamaza kidogo, akasema "aa, kweli, mpiga solo wetu ndo alikuwa amechukuliwa mgambo". Miaka mitatu minne imesogea kwa swali moja.

Kuna mwingine aliniambia alimuona mjomba kwenye televisheni nyumbani kwao Ilala mwaka 1976. Bara tulikuwa hatuna kituo cha televisheni mpaka miaka ya tisini, Zanzibar ndo walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Nikamuuliza kama ni Ilala kweli au alikuwa kaenda Unguja. Kumbe picha aliyokuwa nayo kichwani ni ya gazeti.

Nani uanze naye

Kosa langu la kwanza kubwa: nilianza na familia. Familia wanajua alipenda kula nini, alilala saa ngapi, aligombana na nani, ila ukiuliza muziki wanakupa "alikuwa mcheshi, mtu wa watu, hana makuu". Hayo maneno matatu ukiyasikia jua hujapata kitu, ni maneno ya msibani, kila marehemu anavishwa.

Anza na aliyebeba vyombo. Sitanii. Mpiga solo anakumbuka solo zake, mwimbaji anakumbuka makofi, lakini yule kijana aliyekuwa anabeba spika na kupanga waya anakumbuka nani alichelewa, nani alilia, nani alikopa hela ya daladala akaficha. Kwa Freddie mtu wa aina hiyo ni Peter Freestone, alikuwa anashughulika na mavazi kwenye nyumba ya opera London, wakakutana 1979, akawa msaidizi wake mpaka siku ya mwisho. Ukitaka kujua Freddie jukwaani utawasikiliza wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, ukitaka kujua chai ya asubuhi na hasira za nyumbani unaenda kwa Freestone. Ni watu wawili tofauti wanaosimuliwa, na wote ndo yeye.

Baada ya hapo wanabendi, mmojammoja, usiwakutanishe mwanzoni. Mi niliwakutanisha wote watatu bandani kwa mama ntilie nikidhani nitaokoa muda, ikawa ni kubishana nani alitunga nini, mwenye sauti kubwa akashinda, wengine wawili wakabaki wanakoroga chai. Nikalazimika kuwarudia upya.

Afu kuna wasiosema. John Deacon, mpiga besi wa Queen, amejitenga na mambo ya hadharani tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Mary Austin, aliyewahi kuwa mchumba wa Freddie, ndo aliyekabidhiwa majivu ya Freddie akayahifadhi mahali asipotaka kupataja. Na ni haki yao. Kwangu mimi alikuwa bibi mmoja aliyewahi kuwa mchumba wa mjomba kabla hajamuoa shangazi, nilipiga hodi, nikaamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maji, akasema "mwanangu, mi hayo nilishayazika". Nikashukuru nikaondoka. Kwenye maandishi nikaweka sentensi moja tu kwamba kuna mtu hakutaka kusema. Usirudi mara ya pili na zawadi, huo ni usumbufu.

Uliza vitu, usiulize tabia

Hapa ndo penyewe, kama una haraka soma hapa tu.

Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani" utapata hotuba. Uliza kitu cha kushikika. Gitaa lilikuwa rangi gani? Lilikaa wapi usiku? Nyuzi zikikatika mnapata wapi? Hili swali la nyuzi ndo lilinifungulia mlango. Mzee wa dramu alikuwa ananijibu kwa mkato, ana duka la kutengeneza redio, mkono mmoja kwenye kazi, haniangalii. Nikasema mzee, nyuzi za besi enzi hizo si zilikuwa adimu? Akaweka chini ile chuma ya kuunguzia risasi. Akaniambia nyuzi mpya zilikuwa hazipatikani, zikichakaa sauti inakufa, inakuwa du du du kama unapiga mto, kwa hiyo mjomba alikuwa anazitoa zote nne anazikunja anazichemsha kwenye sufuria, mafuta na uchafu wa vidole unatoka, anazifuta, anazikausha juani kwenye kamba ya nguo, jioni anazirudisha na besi inalia upya kama siku mbili tatu hivi. Sufuria hiyohiyo ya kupikia wali. Hapo mzee akacheka mpaka akatoa miwani, akaanza kusimulia bila kuulizwa, saa mbili nzima, mpaka jinsi mjomba alivyokuwa anageuka kumwangalia yeye kwenye dramu kila kabla ya kuingia kibwagizo, kila siku, miaka yote, kama mtu anayeuliza "upo?".

Hilo la kugeuka hakuna mwanafamilia angeweza kuniambia maana wao walikuwa wanamwona kwa mbele.

Na karatasi usizidharau. Vitu vya Freddie vilipopigwa mnada London 2023, lile piano lake la Yamaha liliuzwa kwa kama pauni milioni 1.7, sawa, ila mi kilichonigusa ni karatasi alizoandikia maneno ya Bohemian Rhapsody, karatasi za shirika la ndege, juu kaandika "Mongolian Rhapsody" akakata. Miaka karibu hamsini watu wamesimulia wimbo ule, jina lile la kwanza likatoka kwenye karatasi. Kwa hiyo omba uone sanduku, albamu, nyuma ya picha, risiti, kadi za mwaliko wa dansi. Piga picha pande zote mbili. Kama bendi iliwahi kurekodi Redio Tanzania enzi hizo, kanda nyingi za bendi zetu zilibaki kwenye maktaba ambayo sasa iko TBC, andika barua, fuatilia kwa upole, beba uvumilivu.

Kurekodi

Simu inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege (airplane mode) ili isipigwe katikati, iweke juu ya leso sio juu ya meza tupu, feni zima kama joto linaruhusu. Omba ruhusa kwanza, na ukisha bonyeza sema tarehe na jina la mtu. Ukifika nyumbani hamisha siku hiyohiyo. Mi nilipoteza mahojiano ya dakika arobaini kwa sababu memori kadi iligoma, na yule mzee alishapata kiharusi niliporudi. Sitaki kuliongelea zaidi hilo.

Voisi noti za WhatsApp zinafaa kwa walioko mbali. Mpiga kinanda wao yuko Muscat, alikuwa anatuma vipande vya dakika mojamoja usiku wa manane akishaswali, na vilikuwa vizuri kuliko mahojiano ya ana kwa ana, nadhani kwa sababu gizani mtu hana anayemtazama.

Mambo mazito

Pombe, wanawake, ugonjwa. Yatakuja, usijifanye hayapo. Freddie alitoa tamko kwamba ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991 na kesho yake akafariki, kabla ya hapo walio karibu naye walikuwa wanakana kwa waandishi ili kumlinda. Watu haohao baadaye ndo wakasimulia. Na kwao Unguja mwaka 2006 sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kikundi cha dini kupinga, afu 2019 ikafunguliwa makumbusho yake hapohapo Mji Mkongwe.

Nilichofanya mimi ni kukubaliana na shangazi kabla sijaandika: kuna yatakayoandikwa, kuna nitakayoyaacha kwenye rekodi tu mpaka wahusika wote wameondoka, na kuna nitakayofuta. Alichotaka kifutwe ni kimoja, na hakikuwa nilichodhani. Kuhusu pombe alisema andika tu, mtaa mzima unajua.

Wakigongana usisuluhishe. Shangazi anasema bendi iliacha kwa sababu mjomba alioa, mzee wa dramu anasema ni amplifaya iliungua na hela ya nyingine haikupatikana, wa Muscat anasema waligombana. Nimeziandika zote tatu, moja chini ya nyingine, kila mmoja na jina lake.

Kuandika na kurudisha

Usipange kuanzia kuzaliwa, wasifu wa msibani ulishafanya hivo. Anza na kitu kimoja, mi nimeanza na sufuria. Lugha yao iache ilivyo, mzee akisema "tulikuwa tunawapa kitu kizito" usibadilishe kuwa "tulitumbuiza".

Ukimaliza chapisha nakala chache pale steshenari, piga spaiero, mpe kila aliyezungumza, na acha kurasa kama tano tupu mwishoni na kalamu. Wakae nayo mwezi. Ya mzee wa dramu ilirudi na majina mawili ya nyimbo nilizokosea. Ya Muscat alipiga picha ukurasa akanitumia. Ya shangazi ilirudi haina kitu, nikadhani hajasoma, mpaka nikafika ukurasa wa mwisho kabisa, kwa mwandiko wake ule wa shule ya zamani: "Sufuria ilikuwa ya mama yangu. Nilimwambia nimeiuza. Ninayo."